Kilomita 200,000 na Bado Linatembea: Mwongozo wa Kulitunza Gari Kuukuu

Gari likikaribia kilomita 200,000, watu huanza kukushauri uliuze kabla halijakufia mkononi. Usikimbilie. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Probox, Raum na Premio nyingi za barabarani kwetu, huweza kuvuka kilomita 300,000 bila kufunguliwa, ilimradi ipate oili na isichemshe. Zipo pia zilizokufa kabla ya 150,000. Mara nyingi tofauti iko kwa mwenye gari.

Vitu vitatu ndivyo vinavyoua magari yetu: joto, oili iliyochoka au kupungua, na hitilafu ndogo iliyoambiwa "tutaiona mwisho wa mwezi". Mwongozo huu unafuata vitu hivyo. Umeandikwa kwa mtu anayeendesha gari la kawaida la kutoka Japani, mwenye fundi wa mtaani na bajeti ya kujibana.

Anza kwa kujua gari lako lilipo

Namba ya kilomita kwenye dashibodi si ya kuaminiwa sana, kwa sababu huweza kurudishwa nyuma kabla gari halijakufikia. Na hata kama ni ya kweli, haikwambii mwenye gari wa kwanza alibadilisha nini. Kwa hiyo ukinunua gari kuukuu, au ukiamua leo kulitunza ulilo nalo, weka mwanzo mpya.

1. Nunua daftari dogo, likae ndani ya gari. Ukurasa wa kwanza andika aina ya injini, namba ya chesisi, oili inayotakiwa na upepo wa tairi. Namba ya chesisi ndiyo itakayokupatia spea sahihi.
2. Badilisha oili ya injini na filta yake, hata kama aliyekuuzia ameapa kwamba amebadilisha juzi.
3. Badilisha kulanti, mafuta ya breki na filta ya hewa.
4. Toa plagi zote uziangalie. Plagi iliyolowa oili au iliyojaa masizi inakueleza hali ya silinda yake.
5. Mwambie fundi alinyanyue gari, akuoneshe kwa macho yako kila mahali panapovuja, kila mpira uliopasuka na kila palipoingia kutu.
6. Andika tarehe na kilomita za kila ulichofanya.

Hutaweza kurekebisha yote kwa mkupuo. Panga hivi: kwanza kinachoweza kuua watu (breki, tairi, usukani), pili kinachoweza kuua injini au giaboksi, tatu yaliyobaki. Rangi, redio na taa za mapambo zisubiri.

Dakika tano za kila wiki

Chagua asubuhi moja kabla hujawasha injini, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

☐ Oili: toa kijiti, kifute, kirudishe, kitoe tena ndipo usome.
☐ Kulanti kwenye chupa ya akiba: kati ya alama mbili.
☐ Mafuta ya breki: yakishuka, aidha pedi zimeisha au kuna mahali yanavuja.
☐ Sakafu chini ya gari: kuna tone jipya? La rangi gani?
☐ Tairi nne, na ile ya akiba ambayo hakuna anayeikumbuka.
☐ Taa zote, pamoja na za breki.

Washa injini usikilize sekunde chache za mwanzo. Mlio mpya andika kwenye daftari siku hiyohiyo. Fundi akiambiwa "umeanza wiki mbili zilizopita, asubuhi tu, unapotea injini ikipata moto" atafika kwenye tatizo haraka kuliko akiambiwa "linalia".

Oili: hapa usibanie pesa

Oili inalainisha, lakini pia inapoza, inasafisha, na kwenye injini za VVT-i inasukuma utaratibu unaobadili muda wa vali kufunguka. Utaratibu huo unapata oili kupitia njia nyembamba sana. Oili ikigeuka tope, njia zinaziba, gari linakosa nguvu, cheni ya taimingi inaanza kugonga.

Badilisha kila kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida. Kwa sinteti kamili unaweza kwenda hadi 7,000 au 8,000. Usidanganywe na maandishi ya 10,000 kwenye dumu, maana hayo yanahesabu safari za barabara kuu. Ukikaa saa nzima kwenye foleni ya Mwenge au Tazara, Dar es Salaam, injini inafanya kazi saa nzima huku kilomita zikisogea kidogo tu. Oili imechoka, dashibodi haijui. Kama unatembea kidogo, badilisha kila miezi 6 hata kama kilomita hazijatimia.

Kosa la kawaida: kuweka oili nzito, 20W-50, kwa imani kwamba injini ya zamani inahitaji uzito. Injini nyingi ndogo za Toyota zilitengenezwa kwa 5W-30. Oili nzito inachelewa kupanda juu asubuhi, na muda huo mfupi ndio unaokula vyuma. Kama injini imeanza kula oili kidogo, panda hatua moja, 10W-30 au 10W-40, uishie hapo.

Kosa jingine: kusubiri servisi ndipo uangalie kijiti. Kwenye injini nyingi ndogo, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja tu. Gari linalokula nusu lita kila kilomita 1,000 linaweza kuishi miaka kadhaa ukiliongezea mara kwa mara. Gari hilohilo, likiachwa kilomita 5,000 bila kuangaliwa, litanoki. Injini nyingi zinazosemwa "zimechoka" zilikufa kwa kukosa oili ambayo ingenunuliwa dukani palepale mtaani.

Oili ikipungua, angalia kwanza vali ya PCV. Ni kitu kidogo na rahisi. Ikiziba, mvuke wa injini unakosa pa kutokea na unasukuma oili kupita kwenye gasketi na sili. Kuna injini zilizofanyiwa ovahoo kwa ajili ya vali hiyo.

> TAHADHARI: OILI FEKI
> Nunua kwenye duka linalojulikana au kituo cha mafuta, si kwa mtu anayepita gereji. Angalia lakiri ya kifuniko. Ukimaliza oili, toboa dumu kabla hujalitupa, maana madumu mazima yenye nembo huokotwa na kujazwa tena.

Joto: adui mkubwa kuliko kilomita

Kuchemsha mara moja tu kunaweza kupinda silinda hedi ya aluminiamu na kuunguza gasketi yake. Baada ya hapo maji yanaingia kwenye oili, na gharama inaruka kutoka bei ya mpira wa rejeta hadi bei ya injini.

Magari mengi madogo ya siku hizi hayana geji ya joto. Yana taa ya bluu inayozimika injini ikipata moto, na nyekundu inayowaka ikichemsha. Nyekundu ikiwaka umeshachelewa, kwa hiyo kinga ndiyo kila kitu.

Maji ya bomba au ya kisima usiyaweke kwenye rejeta kama desturi. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na chumvi inakula aluminiamu na pampu ya maji kimyakimya. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kizibo cha rejeta nacho kina kazi: kile chenye alama ya 0.9 au 1.1 kinabana mfumo hadi maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Kizibo kilicholegea kinatosha kulifanya gari zima lichemshe, kwa hiyo ndicho cha kubadilisha kwanza.

Kubadilisha kulanti:

1. Subiri injini ipoe kabisa.
2. Fungua kizibo, kisha koki ya chini ya rejeta. Kinga kwa beseni. Kulanti ni sumu yenye ladha tamu. Watoto na wanyama wasiifikie, na usiimwage kwenye mtaro.
3. Funga koki, jaza maji safi, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa injini mpaka feni iwake. Zima, ipoe, mwaga. Rudia hadi maji yatoke meupe.
4. Jaza kulanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, au ile iliyokwisha kuchanganywa. Maji yanayouzwa kwa ajili ya betri yanafaa. Asidi ya betri haifai, na mara nyingi hukaa kwenye rafu moja na maji hayo, basi soma lebo.
5. Acha kizibo wazi, washa injini mpaka feni iwake, ongeza kulanti kadiri hewa inavyotoka, kisha funga.
6. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia tena na uongeze.

Sasa niseme kwa nguvu zaidi kidogo. Fundi akikwambia "tutoe thamostati, nchi yetu ni ya joto", mkatalie. Thamostati ipo ili injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo. Bila hiyo, injini inatembea baridi, kompyuta inaongeza mafuta, petroli inashuka na kuchanganyika na oili. Feni kuungwa moja kwa moja ni kosa la aina hiyohiyo: inazunguka muda wote mpaka mota yake inaungua, kwa kawaida ukiwa kwenye foleni. Njia zote mbili zinaficha ugonjwa. Tafuta kwa nini linachemsha: kizibo, rejeta iliyoziba, pampu, sensa ya feni, au gasketi.

> GARI LIKICHEMSHA NJIANI
> 1. Zima AC. Weka hita kwenye moto wa mwisho na feni ya ndani ya juu kabisa. Inatoa joto kwenye injini.
> 2. Pata mahali salama, simama, zima injini.
> 3. Fungua boneti. Usiguse kizibo kwa nusu saa au zaidi. Maji yaliyobanwa yataruka na kukuunguza uso.
> 4. Kikipoa, kifungue polepole kwa kitambaa kinene.
> 5. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupasuka. Ongeza kidogo kidogo injini ikishapoa.
> 6. Kama maji yanaisha haraka, vuta gari. Gharama ya kuvutwa kwa kawaida ni ndogo kuliko gharama ya hedi.

Giaboksi ya otomatiki

Wengi hawaigusi mpaka gari linapogoma kurudi nyuma. Kwenye Toyota zenye kijiti cha giaboksi, pima hivi: injini ikiwa na moto na inanguruma, pitisha gia zote polepole ukikanyaga breki, rudisha P, ndipo utoe kijiti. Oili nzuri ni nyekundu na angavu. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, imechelewa.

Soma ni oili gani inatakiwa kabla fundi hajafungua nati. T-IV, WS na ile ya giaboksi ya CVT si kitu kimoja. CVT iliyowekwa oili ya gia ya kawaida inaweza kuharibika ndani ya muda mfupi, na watu wengi wenye Vitz na Passo mpya mpya hawajui hata kwamba gari lao lina CVT.

Kama oili haijabadilishwa miaka mingi, usikubali mashine ya kusafisha kwa msukumo. Uchafu ulioganda unaweza kuhama na kuziba vali. Mwaga inayotoka yenyewe, jaza kiasi kilekile, tembea wiki mbili tatu, rudia mara mbili. Kila mara inatoka sehemu tu, lakini ndiyo njia ya upole. Na simamisha gari kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Hilo halina gharama yoyote.

Mkanda wa taimingi

Jua kama injini yako ina mkanda au cheni. 1NZ, 2NZ, 1ZZ na 1AZ zina cheni. 5A, 3S, 1G na 1HZ ya Land Cruiser zina mkanda, na desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Hujui ulibadilishwa lini? Ubadilishe sasa, pamoja na pampu ya maji kama inaendeshwa na mkanda huo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Kwenye baadhi ya injini mkanda ukikatika, pistoni zinagonga vali.

Breki, tairi na mwendo wa chini

Pedi zikibaki milimita 3, badilisha. Zikifika chuma kwa chuma utanunua na diski. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo ukipata moto unageuka mvuke, pedali inashuka hadi chini. Ukishuka mteremko wa Kitonga, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, hapo ndipo utagundua kwamba hukuyabadilisha. Badilisha kila miaka 2. Na kwenye miteremko hiyo weka gia ya 2 au L, injini ishike gari, breki zibaki na nguvu.

Tairi ina tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri lakini ya miaka 10 ni hatari kwa safari ndefu, mpira wake umekauka. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva, upime tairi zikiwa za baridi.

Matuta na mashimo yanamaliza bushi, boljointi na tairodi. Usukani ukicheza au gari likivuta upande, usianze kwa alaimenti. Alaimenti juu ya boljointi iliyolegea ni pesa iliyopotea. Mpira unaofunika jointi ya ekseli ukipasuka, badilisha mpira wiki hiyo. Vumbi likishaingia utanunua jointi.

Chumvi, vumbi na maji ya mvua

Ukiishi Tanga, Zanzibar, Mombasa au Kigamboni, osha chini ya gari kwa maji baridi angalau mara moja kwa mwezi, ndani ya matao ya tairi hasa. Hewa ya bahari inaanza na mabomba ya breki na mikunjo ya chesisi. Huko kwenye barabara za vumbi, filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na ibadilishwe ikichoka. Filta iliyotoboka inapitisha mchanga mpaka kwenye silinda.

Mvua kubwa ikijaza barabara, kama Jangwani ya Dar es Salaam inavyojaa, geuza. Magari mengi madogo yanavuta hewa karibu na taa ya mbele. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi, fimbo ya pistoni ndiyo inayopinda. Gari likizimika ndani ya maji usijaribu kuliwasha tena. Livutwe, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza.

Taa za dashibodi

• Nyekundu ya oili: simama na uzime injini palepale. Hakuna "nifike pale mbele".
• Nyekundu ya joto: fuata kisanduku cha "Gari likichemsha njiani" hapo juu.
• Nyekundu ya betri ukiwa unatembea: huenda mkanda wa alternata umekatika au alternata yenyewe haichaji. Kwenye injini nyingi mkanda huo ndio unaoendesha pampu ya maji, basi angalia joto haraka. Betri nzima isome kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na 13.8 hadi 14.5 ikiwa inanguruma.
• Ya injini, njano, imetulia: pima kwa mashine wiki hiyo. Andika namba ya hitilafu kwenye daftari kabla haijafutwa.
• Ya injini inayomwekamweka: injini inamisi, na petroli isiyoungua inachoma katalisti. Punguza mwendo, nenda gereji iliyo karibu.

Moshi nao unasema. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto ni kulanti. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa.

Fundi na spea

Fundi mmoja anayelijua gari lako ana thamani kuliko watano wa bei ya chini. Mweleze dalili, usimpe jibu. Ukisema "badilisha koili", atabadilisha, na kosa litakuwa lako. Sema "linamisi nikipanda mlima na AC ikiwa imewashwa", kisha umlipe kazi ya kutafuta, ili asilazimike kuifidia kwa kukuuzia kifaa. Omba kifaa cha zamani urudi nacho. Nunua spea mwenyewe unapoweza, ukiwa na kile cha zamani mkononi na namba ya chesisi kwenye daftari.

Mtumba unafaa kwa milango, vioo vya pembeni, taa, mota ya vioo, alternata, hata giaboksi ikiwa unaweza kuirudisha. Haufai kamwe kwa filta, mikanda, pedi, boljointi, tairodi, pampu ya maji na mipira ya breki. Hivyo vilishatumia umri wao kwenye gari la mtu mwingine.

Dawa za kuziba uvujaji kwenye rejeta ziwe za kukufikisha nyumbani tu. Zikikaa ndani zinaziba na njia za hita na za rejeta yenyewe.

Usiendeshe ukiwa na tangi tupu

Pampu ya petroli hupozwa na petroli inayoizunguka. Taa ya mafuta isiwe ndiyo ratiba yako, jaza ukifika robo. Asubuhi huna haja ya kuacha gari lingurume dakika kumi: washa, subiri kidogo, ondoka kwa upole mpaka taa ya bluu izimike. Kwa dizeli yenye tabo, ukitoka safari ndefu acha ingurume dakika moja kabla ya kuzima.

Wakati wa kuacha kutengeneza

Injini ikifa, gari halijafa. Injini ya mtumba huweza kufungwa na gari likaendelea miaka, ila namba ya injini ikibadilika, toa taarifa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kadi ya gari isomeke sawa, la sivyo utasumbuliwa siku ya kuuza. Kabla ya kulipa, mwombe fundi apime kompresheni ya kila silinda. Silinda zikikaribiana namba, injini hiyo ina maisha.

Linganisha gharama ya matengenezo na bei ya kununua jingine pamoja na ushuru wake, si na bei ambayo hili lako lingeuzwa leo. Mara nyingi matengenezo bado ni nafuu.

Ila kutu ikishafika kwenye chesisi, pale shokapu zinaposhikilia au pale mikono ya tairi inapofungwa, usiendelee kumwaga pesa. Kuchomelea bati juu ya chuma kilichooza hakurudishi nguvu yake, na gari la namna hiyo likigonga halitawalinda waliomo. Usimuuzie mtu alibebee watoto shule. Liuze kama spea: injini, giaboksi, taa, milango na viti huwa vinapata mnunuzi haraka, na jumla yake huweza kuzidi bei ya gari zima. Kisha omba gari lifutwe kwenye usajili.